Mahudhurio ya Marehemu Kisyeri

Katika kijiji cha Getongora, huko vilimani ukishaipita Itiryo, hata mbwa walimjua Nyangi. Akipita na fimbo yake, mbwa mkali hugeuka ghafla akajifanya anatafuta kiroboto mkiani. Si kwamba alikuwa na mwili wa kutisha. Alikuwa mfupi, mwembamba, meno mawili ya mbele yameshaaga. Ila mdomo! Mdomo ule ungepewa cheo serikalini, nchi ingenyooka ndani ya wiki mbili.

Aliolewa na Kisyeri, mfugaji mpole aliyezungumza zaidi na ng'ombe kuliko na watu, na ukimjua Nyangi utaelewa kwa nini. Wakazaa mabinti wanne. Mtoto wa kiume hakuna. Kisyeri akafa kwa kifua, mabinti wakaolewa, ng'ombe wa mahari wakaingia zizini, na ndugu wa marehemu wakaanza kupita pale kila siku kuuliza hali ya shemeji huku macho yao yakihesabu mikia. Nyangi hakulia wala hakwenda kushtaki. Alifanya walivyofanya wanawake wa Kikurya tangu zamani: akatoa ng'ombe kumi na wawili, akaoa.

Ndiyo, akaoa. Usikunje uso. Inaitwa nyumba ntobu. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume anamtolea binti mahari, binti anakuwa mke wa nyumba ile, na mtoto atakayezaliwa ni wa marehemu, jina lake na ng'ombe wake. Aliyetia mimba haulizwi. Anayeuliza ni mmbeya, na wambeya Nyangi alikuwa na dawa yao.

Binti mwenyewe aliitwa Rhobi, ana miaka ishirini na miwili, ameachana na mume mpigaji kule Mbalibali. Alipoulizwa kama atauweza mdomo wa Nyangi, alisema, "Mdomo haujawahi kunivunja mkono." Wakaelewana tangu siku hiyo. Mimba ya kwanza mtoto alitanguliza miguu, nyumbani, mvua inanyesha, na hakuwahi kulia. Nyangi alimzika nyuma ya ghala, kisha akanyamaza siku tisa, mpaka kijiji kikadhani amehama. Siku ya kumi alifungua mdomo akasema neno moja tu: wa pili atazaliwa zahanati, mikononi mwa daktari, na atakuwa Kisyeri. Alichotaka duniani sasa kilikuwa hicho, basi.

Mimba ya pili iliingia mwaka wa rashi, yaani mbio za dhahabu. Mtu mmoja alikuwa anachimba choo, akakuta jiwe linang'aa, na hicho choo hakikuchimbwa tena. Ndani ya wiki kilima kizima kilikuwa kimetobolewa. Wanaume wote wakashuka maduarani, yale mashimo ya kuchimbia: mwalimu, mwinjilisti, hadi mtendaji wa kijiji na mhuri wake mfukoni. Wakenya wakavuka Sirari na "niaje" zao, wauza pombe wakaja, wauza zebaki wakaja. Kijijini wakabaki wanawake, vikongwe na mbuzi.

Na zahanati. Mganga wake aliitwa Maftah, mtu wa Lindi, mwenye mikono safi na Kiswahili cha taratibu ambacho wagonjwa walikisikiliza hata kama hawakupona. Muuguzi wake alikuwa Lilian, mzaliwa wa Mugumu. Zamani, ili zahanati ionekane inafanya kazi, walitakiwa kupeleka hesabu ya wagonjwa. Wakaipeleka! Mtu akija na kichwa, tumbo na goti, aliandikwa mara tatu. Kuna mwezi Getongora iliugua kuliko idadi ya watu wake.

Basi serikali ikasema imetosha. Hatutaki tena wingi, tunataka ubora. Zahanati itakayotibu watu vizuri itaongezewa fedha na vifaa, na waganga tutawashika mkono wabadilike. Jambo jema kabisa, nani angelipinga? Maftah akaitwa semina Tarime, hotelini, siku tatu za chai ya maziwa na sambusa, akarudi na begi jipya na bango la nyota za ubora. Tabu ni kwamba ubora hauonekani na mtu aliyekaa ofisini Dodoma. Kwa hiyo ukatafutiwa visanduku vya kuweka tiki. Benchi limepakwa rangi? Tiki. Sanduku la maoni lipo? Tiki, ingawa ufunguo ulipotea siku lilipoletwa. Na kimoja kilichokuwa na alama nyingi kuliko vyote: kila mama mjamzito aje na mwenza wake, wapimwe pamoja.

Mwenza! Wenza wote walikuwa mita arobaini chini ya ardhi.

Hapo ndipo Mseti alipopata ajira. Mseti alikuwa mchimbaji mpaka matimba, magogo ya kushikilia kuta za shimo, yalipomwangukia mguuni, mguu ukaunga umepinda, asiweze tena kushuka duarani. Alianza kwa kumsindikiza mke wa jirani kama msaada, akapewa soda. Wa pili akampa soda na chapati. Mwezi haujaisha ana koti la kijivu la kazi hiyo, anakaa benchi la zahanati tangu asubuhi, na mama asiye na mwenza anamkodi palepale mlangoni. Alijua kusema, "Mke wangu kiungulia kinamsumbua." Alijua kushika mkoba. Katika miezi mitatu alihudhuria na wanawake ishirini na tano, kila mara kwa jina la mume mwingine, na kidole chake kikachomwa sindano ya kipimo mpaka kikawa kama kichujio cha chai. Lilian aliandika. Maftah alimwona na hakumwona. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mwenye bango la nyota wakati mwingine huambiwa fumba.

Nyangi alifika na Rhobi siku ya Jumanne.

"Mwenza wake yuko wapi?" akauliza Lilian, kalamu mkononi.

"Ndiye mimi."

"Bibi, usinitie matatani. Mimi mtoto wa huku, nyumba ntobu naijua. Ila fomu haiijui."

"Basi ifundishe."

Maftah akatoka ndani. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mwambie huyu binti aandike. Nilitoa ng'ombe kumi na wawili, mmoja alikuwa na mimba, mashahidi wapo."

"Sikatai, bibi. Lakini fomu inataka mwanamume, apimwe damu. Kama hayupo, ulete barua ya mtendaji."

"Mtendaji yuko shimoni."

"Najua," akasema Maftah, akajikuna shingo.

Mseti akakohoa pale benchini, akatengeneza koti. "Mama, mimi nipo."

"Wewe ulitoa ng'ombe wangapi?" Nyangi akamgeukia. "Hata kuku? Hata yai?"

Wanawake wakaangua kicheko. Ila Rhobi hakucheka. Alikuwa amesimama tangu alfajiri, miguu imevimba, na yule wa nyuma ya ghala hajamtoka moyoni. "Mama," akasema polepole, "si waandike marehemu? Mtoto ni wake na jina ni lake. Huyu atoe kidole tu."

Na hapo Nyangi, mwanamke ambaye mnunuzi wa ng'ombe hajawahi kumpunja hata mkia, akajipunja mwenyewe. Alitaka kadi ya kliniki, maana bila kadi Rhobi hazalii zahanati. Akakubali.

Basi Kisyeri, aliyelala kaburini mwaka wa kumi na moja, akaandikwa daftarini: umri miaka thelathini na sita, uzito kilo sitini na moja, presha nzuri, damu safi. Njiani kurudi Rhobi alicheka mpaka akashika tumbo. "Mama, mumeo kaburini ana afya kukushinda wewe juu." Nyangi naye akacheka, akasema marehemu angekuwa na kilo sitini na moja angeoa wa pili.

Kliniki wakaenda mara nne. Kila mara Nyangi alitangulia na fimbo, akambebea Rhobi maji na viazi, akakaa nje juu ya jiwe kwa sababu benchi lililopakwa rangi lilikuwa la wenza. Ndani Mseti alitoa kidole. Na kila mara Kisyeri akahudhuria.

Halafu watathmini wakaja kutoka wilayani na magari mawili. Wakafungua daftari: mahudhurio ya wenza, mia kwa mia. Mia kwa mia, kwenye kijiji cha rashi! Badala ya kushtuka, wakapiga makofi. Zahanati ikapata nyota ya tatu, na nyota ile haikuja mikono mitupu: kitanda kipya cha kuzalia, kipimo cha presha, taa za sola. Na wakaamua pia kumtunuku mwanamume mmoja cheti cha Mwenza Bora. Wakachagua jina.

"Ndugu Kisyeri! Yupo?"

Mzee Marwa, aliyechimba kaburi la Kisyeri kwa jembe lake mwenyewe, akamwinamia mwenzake akauliza, "Tulimzika vibaya?"

Mseti akasimama, akafunga vifungo vya koti, akachechemea mbele. Akapokea cheti chenye mhuri, akapigwa picha, na alivyo hana haya akatoa hotuba, akawasihi wanaume wenzake wawajali wake zao. Mgeni mmoja alifuta machozi. Nyangi, juu ya jiwe lake, alicheka pamoja na wengine. Laiti angejua.

Wiki iliyofuata Mseti alikuja bomani kwa Nyangi. Hakuja na soda. Alikuja na baba zake wadogo wawili, wazee wenye fimbo na kofia, na cheti ndani ya nailoni.

"Tumekuja kwa amani," akasema mkubwa wao. "Mtoto wa tumboni ni wa kijana wetu. Serikali imeandika."

"Imeandika Kisyeri!"

"Imeandika Kisyeri, na Kisyeri aliyesimama mbele ya serikali ni huyu. Picha ipo. Vidole vyake vipo. Marehemu anapimwa presha, mama? Akizaliwa wa kiume, tutamchukua pamoja na ng'ombe wa nyumba yake. Mkibisha, twende ritongo."

Ritongo ni kikao cha ukoo, na siku nyingine wazee wa ritongo wangemcheka Mseti mpaka angehama wilaya. Lakini wazee wale walikuwa wanauogopa mhuri kuliko radi. Tangu rashi ianze waliona watu wakinyang'anywa mashamba kwa karatasi. Nyangi aliwatimua Mseti na baba zake wadogo kwa fimbo, mmoja akaacha kofia. Walipoondoka akakaa chini. Aliogopa. Mwanamke yule aliogopa kweli, na akamchukia Mseti, na akajichukia mwenyewe zaidi kwa siku ile ya Jumanne.

Akaenda kwa Maftah. "Futa."

"Bibi, karatasi zimeshakwenda Dodoma."

"Zifuate."

"Nikimfuta huyu, watauliza wale ishirini na tano wengine. Nyota itakwenda. Nyota ikienda, fedha za dawa zinakwenda. Kwenye kitanda kile wameshazaliwa watoto saba, bibi, wote wazima. Nifanyeje?"

"Kwa hiyo mmemfufua mume wangu ili mpate kitanda."

Maftah hakuwa mtu mbaya. Ndiyo maana ilimuuma, na Nyangi aliona inamuuma, akaondoka bila hata kumtukana.

Uchungu ulimshika Rhobi asubuhi ya Alhamisi. Kufika zahanati, Mseti na baba zake wadogo wameshatangulia, wamekaa benchi la wenza, na wamekuja na kanga mpya ya kumpokelea mtoto. Wanawake wa kliniki, kama hamsini hivi, walijipanga ukutani wasikose neno. Nyangi akakaa juu ya jiwe. Saa nne mtoto akalia, sauti ya kudai, na Lilian akachungulia akasema ni wa kiume. Nyangi akainua mikono. Mkubwa wa wale baba wadogo naye akainua kanga.

Kisha Lilian akarudi ndani mbio, na mlango ukafungwa.

Damu ilikuwa haikatiki. Maftah alimchoma sindano, akambana tumbo kwa mikono yake miwili nusu saa bila kuiondoa, jasho linamdondoka, mpaka damu ikapungua. Haikuisha. Akatoka mlangoni, koti jeupe limekuwa jekundu mpaka viwikoni. Gari la wagonjwa lilikuwa limeshaingia uwanjani.

"Anakwenda hospitali ya wilaya, ataongezewa damu, na benki yao ya damu ni tupu," akasema. "Mwenza wa Rhobi! Aingie garini, akatoe damu."

Watu wote wakamgeukia Mseti.

"Mseti," akasema Maftah, na ile taratibu ya Lindi haikuwepo tena. "Wewe ndiye Kisyeri. Panda."

"Kidole?" Mseti akauliza.

"Chupa."

"Chupa nzima?"

"Mura, panda gari!" wanawake wakapiga kelele.

Mseti akawatazama baba zake wadogo, akatazama mikono ya Maftah, akarudi nyuma hatua mbili. "Daktari, tusidanganyane," akasema, sauti imekuwa nyembamba. "Wewe si unajua? Mimi ni mume wa kliniki tu. Huyu mwanamke simjui. Hata usiku mmoja sijawahi! Waulizeni hawa, wote nimewaoa hivyohivyo."

Akakimbia. Kwa mguu ule uliopinda, akakimbia, na Getongora hawajamwona mtu mwenye mguu mbovu akienda kasi namna ile. Baba zake wadogo walibaki na kanga yao. Mkubwa akaikunja taratibu, akaiweka kwapani, wakaondoka bila kuaga. Ritongo haikuitwa tena. Nani angesimama mbele ya wazee baada ya hapo?

Nyangi hakungoja kuwaona wakiishia. Alikuwa ameshapanda gari, mtoto kifuani, mkono wa pili umeshika mguu wa Rhobi kana kwamba angeweza kumzuia asiondoke duniani. "Damu yangu ipo," akasema. "Twende."

Maftah alikuwa na fomu ya rufaa gotini, ndani ya gari lilelile, maana aliamua kwenda naye. Akafika kwenye mstari wa mwenza, kalamu ikasimama. Njia ilikuwa mbovu na gari linarukaruka. Halafu akaandika, kwa herufi kubwa ili zisomeke: Nyangi, mjane wa Kisyeri. Mwanamke. Miaka sitini na sita. Amehudhuria mara zote.

Hospitalini damu ya Nyangi ilikataliwa kwa umri wake, na aliwaambia watu wa maabara maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Chupa mbili zilizohitajika zilitolewa na Maftah na dereva. Rhobi aliamka siku ya pili, akaomba uji, akaulizia mtoto, kisha akauliza kama Mseti alizimia alipotolewa damu. Alipohadithiwa alicheka, akashika tumbo, akalia kwa maumivu, akacheka tena.

Maftah aliporudi Getongora alichukua daftari la wajawazito na kalamu nyekundu, akaketi na Lilian siku nzima. Wakapiga mstari kwenye waume ishirini na sita. Lilian alilia kidogo, si kwa uchungu wa uongo bali wa taa za sola zitakazoondoka. Robo mwaka ilipoisha ripoti ikaenda kama ilivyo: mama mmoja alitoka damu nyingi, akaokolewa, yuko hai, mtoto kilo tatu na nusu, wenza waliohudhuria, karibu na sifuri.

Watathmini wakaja na gari moja tu. Kiongozi wao safari hii alikuwa dada kijana, Shamimu, mwenye adabu na kishikwambi. Kuhusu mama aliyeokolewa hakuuliza chochote. Kishikwambi hakikuwa na kisanduku cha mtu ambaye hakufa. Kwenye mstari wa mwenza kikapiga kelele kila alipojaribu kuandika jina la Nyangi. Jinsia haikubaliki, kikasema. Akajaribu mara tatu.

"Daktari, hili ni kosa la uandishi?"

"Hapana," akasema Maftah. "Kosa ni wale ishirini na sita wa mwanzo. Hili ndilo la kweli."

"Mtashuka mpaka nyota moja."

"Najua."

Shamimu alipumua, akatoka nje. Ilikuwa siku ya kupima watoto uzito. Nyangi alikuwa amekaa kwenye benchi la wenza, katikati kabisa, fimbo imelala magotini, Kisyeri mdogo mapajani amenona anatafuna upindo wa shuka. Hakuna aliyethubutu kumwondoa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Huyu mtoto, wewe ni nani wake?"

"Baba yake."

Shamimu alimtazama, akatazama kishikwambi. Kwenye mstari wa mwenza palikuwa na majibu mawili tu, yupo na hayupo, na yupo ilikuwa imekataa tangu asubuhi. Akabonyeza hayupo, Nyangi amekaa mbele yake, anamfuta mtoto udenda kwa ncha ya kitenge.